Kinyota cha Bi Mwantumu

Mbeya ya miaka ile ya hamsini, mwanamume akipita na kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, hakuwa na haja ya kusema ni kazi ya nani. Kofia ilijisema yenyewe. Ikiwa vitobo vyake vimepangana kama meno ya mtoto, kila kimoja duara, kila kimoja kimezungushiwa uzi hata usijue ulianzia wapi, basi hiyo ni ya Bi Mwantumu binti Muharami wa Majengo. Na ikiwa si yake, mwenyewe aliijua tangu mvaaji yuko kona ya sokoni, akasonya, akarudi zake ndani.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, kizazi cha watu wa pwani. Mbeya aliletwa na mumewe, Muhidini, dereva wa lori la Taherali mwenye duka la nguo. Baridi ya huku ilimtoa machozi mwaka wa kwanza, naye akaapa kwamba haitamwona tena akilia. Kweli haikumwona. Hata Muhidini alipofariki kwa kichomi na kumwachia mtoto mmoja, Matano, Bi Mwantumu alilia chumbani, mlango umefungwa, akatoka akiwa amejifuta. Arobaini ilipokwisha na eda ikaisha, akatandika mkeka barazani akashika sindano. Sindano ndiyo iliyomlea Matano. Watu walisema ana kiburi. Sawa, alikuwa nacho, lakini kiburi chake alikifanyia kazi, hakukiazima kwa mtu.

Sasa, kazi ile ya kofia alifundishwa na bibi yake mzaa mama, na pamoja na kazi alipewa sharti. Mvua zikikatika na mbingu zikisafika, huku kaskazini, juu ya mlima wa Loleza, hutokea nyota saba zilizokaa mfano wa upawa uliopinduliwa, kama kuna mtu anaumwagia mlima mchuzi. Kwenye mpini wa upawa zipo tatu. Itazame ya katikati. Mwenye macho mavivu ataona moja. Mwenye macho yake ataona ina mwenzake, kinyota kidogo, cheupe, hafifu, kimejibanza ubavuni mwa kikubwa kama kitobo cha ncha ya sindano. Bibi alisema hivi: jicho lisilokiona kinyota kile halina ruhusa ya kushika sindano ya kofia. Hakueleza kwa nini, na Mwantumu hakuuliza. Mambo ya bibi siku zile hayakuulizwa.

Basi kila msichana aliyeletwa kujifunza, Bi Mwantumu alimtoa uani baada ya magharibi akamsimamisha mbele ya Loleza. Aliyeona nyota mbili alipewa sindano. Aliyeona moja alirudishwa kwa mama yake na salamu nyingi. Na yeye mwenyewe hakujisamehe. Kila mwaka, mvua zikiisha, alitoka, akainua uso, akakitafuta. Akikiona aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa na jirani, akaingia ndani kupika.

Mtu wa kwanza Mbeya kushindwa sharti lile alikuwa wifi yake mwenyewe, Chiku, dada yake Muhidini. Chiku aliachwa na mume kule Iringa, akaja nyumbani kwa marehemu kaka yake na kifurushi kimoja na vicheko vingi, akasema anataka kujifunza kofia ili asile bure. Bi Mwantumu akamtoa uani.

"Waona nini pale kwenye mpini, wifi?"

"Mpini upi?"

"Wa upawa."

"Upawa upi tena? Mimi naona ukungu tu, na wewe umesimama kama mnazi."

Ikawa basi. Bi Mwantumu akamwambia kwamba yeye Mungu amempa mikono ya maji, akamkabidhi beseni. Tangu siku ile Chiku ndiye aliyezifua kofia zikishashonwa, akazitia wanga wa muhogo, akazivika kwenye kibao, akazipiga pasi ya mkaa. Kazi nzuri, yenye heshima yake, lakini si sindano. Chiku hakununa. Alisema wifi yake naye Mungu amempa mdomo wa pilipili, kila mtu na riziki yake, akainamia beseni.

Na kweli aliinama. Chiku kitu chochote alikisogeza mpaka puani ndipo akakijua. Watoto wa Majengo walimwita Shangazi Mnusaji, naye aliitika. Akichambua mchele, hutasikia jiwe mdomoni. Na mtoto akiingiwa na funza, hata awe mdogo kuliko chembe ya pilipili manga, mama yake hakuhangaika. Alimpeleka kwa Chiku. Chiku alimpakata, akaleta kidole cha mguu karibu na pua, akaingiza pini, akamtoa funza na mfuko wake mzima haujapasuka, mtoto bado anangoja kuumia. Mtaa mzima uliliona jambo hilo miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyeliweka pamoja na lile la sindano ya kofia. Sharti ni sharti.

Miaka ikaenda. Matano akakua, akapata kazi ya kupima vitambaa katika duka la Taherali la Iringa. Bi Mwantumu akaanza kugombana na sindano. Alisema sindano za siku hizi zina matundu madogo, tamaa ya wenye viwanda. Akamwendea Taherali, akammwagia maneno mpaka mzee wa watu akamfungulia pakiti zote achague. Akachagua, akaenda nazo nyumbani, zikawa vilevile. Kisha ukawa uzi, uzi wa sasa una manyoya. Kisha ikawa taa. Kisha ikawa moshi wa watu wanaochoma nyasi mlimani. Akitunga uzi alinyoosha mkono mbele yake mpaka mwisho, kama anayemwonyesha mtu njia ya kwenda Iyunga, na bado ulipita pembeni. Ila kofia zilitoka, zikafuliwa, zikatiwa wanga, na wanunuzi walizisifu kama zamani. Basi akajua mkono wake bado ni mzima.

Jirani yao Ikupa, Mnyakyusa muuza ndizi, hakuwa mtu wa kuficha neno. Siku moja alimkuta akihangaika na uzi akamwambia, mama Matano, macho hayo yamechoka. Bi Mwantumu akamjibu kwamba jana tu amekiona kinyota cha mpini, cheupe, kimekaa mahali pake, na jicho linalofika mbinguni halishindwi na kinachokaa mapajani.

Ikupa akajitwika mkungu wake. "Ng'ombe wetu kule Tukuyu naye anaona majani ya ng'ambo ya mto, mama Matano. Ya miguuni anayakanyaga."

Chiku aliyekuwa kwenye beseni alicheka mpaka povu likamwingia puani. Bi Mwantumu hakununua ndizi za Ikupa mpaka mwezi ulipoandama.

Ndipo mwaka wa hamsini na tano Matano akaposa Iringa. Msichana aliitwa Waridi, mtulivu, watu wake wa asili ya pwani vilevile, na ndoa ikapangwa mfungo mosi, Idi ikishapita. Nao wana ada yao, bwana harusi huingia kwenye nikahi na kofia iliyoshonwa na mama yake. Hiyo Bi Mwantumu aliingoja tangu Matano hajaota meno. Lakini bibi yake Waridi alikuwa naye mshona kofia wa siku zake, na siku ya posa alisema mbele ya watu wote, kwa upole ule wa wazee unaokata, kwamba habari za mkono wa mama Matano wamezisikia, sasa wanangoja kuuona juu ya kichwa cha mtoto. Bi Mwantumu alirudi Mbeya na neno lile kama mtu aliyemeza mfupa. Kofia hiyo ikitoka vibaya, hakuna kofia nyingine yake itakayokumbukwa.

Akashona mwezi mzima wa Ramadhani. Bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia, ilikuwa ya bei, uzi mpya, na vitobo alivifungua kwa mwiba wa nungunungu aliorithi kwa bibi yake. Hakumruhusu mtu kuigusa. Chiku alipoomba walau aisuuze vumbi, akaambiwa maji yatafika zamu yake ikifika, Matano kwanza aijaribu. Chiku akaomba mara nyingine, akaomba tena, mpaka Bi Mwantumu akamwuliza kama amepewa ulinzi wa kofia hii na serikali. Chiku akarudi kwenye beseni lake.

Siku chache baada ya Idi, Matano akashuka na lori alasiri kuja kuchukua kofia na baraka. Mama yake akamketisha barazani akamvika kwa mikono yake miwili. Kwa karibu vile, Bi Mwantumu aliona weupe mzuri, laini, kama maziwa. Akaupapasa. Matano akaishika, akajitazama kwenye kipande cha kioo. Akatazama kwa muda. Akasema ni nzuri, mama, lakini sauti yake ilikuwa ya mtoto anayemeza shubiri mbele ya mgeni.

Akatoka kwenda kumwamkia Ikupa, aliyekuwa kwenye ua wa matete akiuza ndizi. Jua lilikuwa linashuka upande wa Iyunga. Matano akasimama kule ng'ambo ya uwanja, akageuza ubavu, jua likaipiga kofia.

Bi Mwantumu alikuwa mlangoni, ameegemea mwimo, anamwangalia mwanawe. Na pale alipo akaiona. Aliona kila kitobo. Vingine vikubwa, vingine vidogo, mstari umepanda, umeshuka, umekwenda kama nyayo za mlevi anayerudi kutoka kilabuni. Uzi umeacha nafasi, umejirundika. Kidogo asonye. Mdomo ulikuwa umeshajikunja, ndipo akakumbuka ni kazi ya nani.

Akamwita Matano. Akaivua kofia kichwani mwake bila kumtazama, akasema bado haijaisha, akaingia chumbani akafunga mlango. Huku nje Matano alisimama na kichwa kitupu, Ikupa akamtia mkononi ndizi mbivu kana kwamba ni mtoto aliyepigwa.

Magharibi ilipopita akatoka uani kwa mlango wa nyuma. Mbingu ilikuwa safi, baridi imeanza kuuma masikio. Upawa ulikuwa umeshainuka juu ya Loleza. Maisha yake yote alikuwa akiinua uso akitaka kukiona kinyota kile. Jioni ile alitamani asikione. Angekikosa, angejua limfikalo, angesema macho yamekwisha, Mungu ndiye atoaye na achukuaye, angelala. Akatazama. Kilikuwepo. Cheupe, hafifu, kimejibanza mahali pake kama miaka yote.

Chiku akatoka na koroboi mkononi na kofia ile kwapani, ameitwaa chumbani.

"Kipo?" akauliza.

"Kipo."

"Cheupe?"

"Cheupe. Kinanicheka." Bi Mwantumu akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Wifi, nimeiona kofia ya mwanangu toka mlangoni. Nimeiona vizuri kuliko nilivyoiona nilipokuwa naishona. Haya nieleze wewe, ni macho gani hayo?"

Chiku akasogea karibu. Aliweka koroboi juu ya kigoda, akakaa chini, akachomoa sindano kwenye upindo wa kanga yake. Akaulamba uzi, akautunga. Mara moja tu, ukaingia. Kisha akaileta kofia mpaka puani, akafumua kitobo kimoja kilichopinda, akakizungushia upya, mkono unakwenda upesi upesi kama panzi. Bi Mwantumu alisikia uzi ukipita kwenye bafta. Sauti ile aliijua. Mwanagenzi havuti uzi hivyo.

"Nani alikufundisha?"

Chiku akaendelea kushona.

"Chiku. Zile za mwaka jana, ile ya imamu, zile za Taherali alizopeleka Iringa. Nani alizishona?"

"Wewe, wifi. Mimi nilikuwa nakaza tu kidogo, kabla ya wanga."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

Chiku akakata uzi kwa meno. "Tangu sindano za Taherali zilipoanza kuwa na matundu madogo."

Bi Mwantumu akanyanyuka. Hakutukana, na hilo ndilo lililomtisha Chiku, maana matusi ya wifi yake aliyazoea. Akaingia ndani. Chiku alikaa pale na taa yake, akijua kwamba pengine kesho atafunga kifurushi kile kile alichokuja nacho.

Mle ndani Bi Mwantumu alikuwa amelala macho wazi. Kwanza alikuwa na hasira ya kufanywa mtoto nyumbani kwake. Halafu hasira ikageuka upande, ikamwona mwanamke aliyenyimwa sindano ujana wake wote, akaishika kwa siri uzeeni, si kwa kujionyesha, bali ili mwenziwe asiaibike. Akamfikiria bibi yake. Akaona vigumu kusema bibi alikosea. Hakusema. Alisema moyoni kwamba bibi pengine alikuwa na macho ya namna yake, akawapimia watu kwa hayo.

Alfajiri, baada ya sala, Chiku alipochota maji ya beseni, Bi Mwantumu akaja akayamwaga chini ya mgomba. Akatandika mkeka. Akatoa bafta mpya, akaikata mwenyewe, akaweka juu yake uzi na mwiba wa nungunungu.

"Acha maji. Kaa hapa."

"Wifi, kinyota mimi sikioni. Sijapata kukiona."

"Matano haendi kuoa na nyota kichwani. Anakwenda na kofia."

"Na ada je? Kofia hushonwa na mama."

"Na shangazi ni nani? Si baba huyo, ila kavaa kanga. Baba yake angekuwa hai, angekubali kupuuzwa? Kaa, siku haziko nyingi."

Chiku akakaa. Akaushika mwiba wa nungunungu kwa vidole viwili, akaugeuza, akaunusa. Machozi yakamdondokea, akaambiwa bafta haitaki maji bado.

Kazi ile Majengo waliizungumza. Chiku alishona pua imegusa kitambaa. Bi Mwantumu alikwenda akasimama kwenye ua wa matete, ng'ambo ya uwanja, na kila mstari ukiisha Chiku aliinua kofia juu. Mwenziwe akapaza sauti toka kule: cha tatu kutoka mshono kimenenepa, fumua. Chiku akafumua. Hapo umebana, legeza. Chiku akalegeza, akajibu kwamba aliyeko mbali na moto hajui chungu kinavyochoma. Ikupa akipita na ndizi alisema siku hizi kofia za Majengo zinashonwa kwa mayowe, na Bi Mwantumu akanunua chane zima, hakubishana bei. Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Matano alipovishwa safari ile, alijitazama kwenye kile kioo akasahau kusema kitu.

Nikahi ilisomwa Iringa siku ya Ijumaa. Baada ya chakula cha wanawake, bibi yake Waridi akatuma aletewe kofia ya bwana harusi aishike. Ikaletwa juu ya sinia. Bibi kizee akaizungusha, akapitisha kucha juu ya vitobo, mstari kwa mstari. Mwisho akauliza, "Mkono huu ni wa nani?"

Kila jicho likamgeukia Bi Mwantumu. Neno moja lilitosha. Jibu lilikuwa limeshaandaliwa vinywani mwa watu, yeye wa kuitikia tu. Pembeni yake Chiku alikuwa ameinamia sahani, anatafuta punje ya wali isiyokuwepo.

"Wa wifi yangu," Bi Mwantumu akasema. "Huyu hapa. Chiku."

Bibi kizee akamwita Chiku asogee, akaushika mkono wake, akaufunika kwa mikono yake miwili. Vigelegele vikapanda. Bi Mwantumu akangoja vishuke. Kisha akaongeza, uso mkavu, "Nilimfundisha mimi."

Chiku aliinua kichwa.

Siku waliyorudi Mbeya, basi lilisimama Nyololo abiria wanywe chai. Kulikuwa na ukungu na upepo, wakakaa wawili chini ya paa la hoteli, wamejifunika kanga mbili mbili, vikombe mikononi. Chiku alikuwa na jambo lake tangu Iringa, akalitoa taratibu.

"Wifi, ulinifundisha lini?"

Bi Mwantumu akapuliza chai yake, akapiga funda.

"Na miaka yote ile ulipokuwa ukizifua kofia zangu na kuzinusa moja moja, ulidhani unafanya nini? Kunywa chai, inapoa."